Hamu ya Kwetu: Somo katika Waraka wa Yeremia kwa Waliohamishwa

Fungu la kusoma: Yeremia 29:1–14. Tena soma Ezekieli 11:16 na Wafilipi 2:25–30.



Kila mwaka watu wa sharika zetu waondoka makwao kwenda kukaa mbali. Mmoja ni mwalimu, amepewa shule upande mwingine wa nchi. Mmoja ni mwuguzi. Mmoja ni askari. Mmoja ni bibi arusi amfuataye mumewe. Mwingine atafuta kazi asiyoipata kijijini. Siku ya kuondoka twawaombea, twawapa mikono, nao wapanda gari. Baada ya mwaka twauliza habari zao, twajibiwa, "Hajambo, lakini kanisani haonekani." Mtu huyo hakuikana imani. Mwili wake umefika, lakini moyo wake ungali njiani. Kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya wainjilisti wawapokeao, mwezi huu tujifunze habari ya hamu ya kwetu: yatoka wapi, ina hatari gani, na Neno la Mungu latuagiza nini.

Hamu ilivyo

Tuchukue mfano wa mwalimu kijana aliyezaliwa karibu na Bukoba, naye amepewa kazi Lindi. Amevuka nchi yote tangu pembe ya kaskazini-magharibi hata pwani ya kusini, safari ipitayo kilomita 1,500. Ameliacha ziwa nyuma yake. Ameuvuka mto Rufiji juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2003, mahali ambapo zamani watu walivuka kwa pantoni. Kisha ameikuta bahari. Kwao nyumba imesimama katikati ya kibanja, migomba na mibuni imeizunguka, na mvua ni nyingi. Huku aona mikorosho na minazi, na joto ambalo hata usiku haliondoki. Kwao alikula ndizi za kupika. Huku apewa ugali wa muhogo na samaki. Sokoni asikia Kimwera na Kimakonde. Kwao kanisa hujaa. Huku Walutheri ni wachache, na majirani wengi ni Waislamu. Kiswahili akijua vema, tena afundisha kwa Kiswahili. Walakini nyimbo alizoimbiwa na mama yake zilikuwa za Kihaya.

Mwezi wa kwanza hana neno, maana kila kitu ni kipya machoni pake. Hamu huja baadaye. Huja jioni, saa ya moshi wa jikoni. Huja siku ya sikukuu. Huja majira ya senene, akikumbuka jinsi watu wa kwao wanavyotoka kuwakamata kwa kelele na furaha. Chakula hakishuki, usingizi wapungua, hasira yaja bila sababu. Asema moyoni, "Watu wa hapa si wema," na kumbe hakuna aliyemtenda neno baya.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1688, katika mji wa Basel, Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari, aliandika juu ya maradhi ya watu walio mbali na kwao. Akayapa jina la nostalgia kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, yaani kurudi na maumivu. Lakini Maandiko Matakatifu yalikwisha kuyajua maumivu hayo tangu zamani nyingi kabla yake.

1. Hamu ya kwetu si dhambi

Wako Wakristo waonao haya kwa sababu wawakumbuka watu wao hata machozi. Wadhani kwamba mtu mwenye imani hapaswi kulia. Na tumtazame Epafrodito. Huyu alikuwa mtu wa kanisa la Filipi, naye alitumwa kumpelekea Paulo msaada alipokuwa kifungoni. Huko mbali akaugua, akawa karibu na kufa. Paulo awaandikia Wafilipi kwamba ndugu huyu awatamani sana wote, tena afadhaika kwa kuwa wamesikia habari ya ugonjwa wake. Je! Paulo alimkemea? Hata kidogo. Amwita ndugu yake, mtenda kazi pamoja naye, na askari mwenzake. Amrudisha kwao, na kuwaagiza wampokee kwa furaha na kumheshimu.

Na sisi Walutheri tukumbuke habari za Martin Luther mwaka 1530. Tangu Aprili hata Oktoba alikaa katika ngome ya Coburg, mbali na mkewe na watoto wake. Alikuwa chini ya hukumu ya Kaisari, kwa hiyo hakuweza kwenda Augsburg pamoja na wenzake. Mkewe Katharina akampelekea picha ya binti yao Magdalena, mtoto wa mwaka mmoja, naye akaitundika ukutani. Mwezi wa Juni akapata habari ya kuwa baba yake amefariki. Akakitwaa kitabu chake cha Zaburi, akaingia chumbani, akalia sana, hata kesho yake kichwa kilikuwa kizito. Walakini katika miezi hiyo hiyo aliendelea kutafsiri vitabu vya manabii, aliandika barua nyingi, tena alimwandikia mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, barua juu ya bustani nzuri ya watoto. Alilia, akafanya kazi. Machozi hayakumzuia kufanya kazi, wala kazi haikumkataza kulia.

Basi wewe uliye mbali, usifiche hamu yako mbele za Mungu. Mweleze kama mtoto amwelezavyo babaye. Wenyeji wetu husema, Mkataa kwao ni mtumwa; nasi hatutaki mtu akatae kwao.

2. Hamu ina hila tatu

Ingawa hamu si dhambi, yaweza kumdanganya mtu. Tuzijue hila zake.

Hila ya kwanza: hamu hupamba mambo ya nyuma. Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 11, Waisraeli jangwani walikumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Matofali hawakuyakumbuka, wala fimbo za wasimamizi. Hata mwalimu wetu, akiwa Lindi, akumbuka kibanja wakati wa mavuno tu. Magomvi ya mipaka ya mashamba yaliyowatenga ndugu zake hayakumbuki.

Hila ya pili: hamu husema, "Ngoja kidogo, tutarudi karibu." Katika Yeremia 28 nabii Hanania aliwaahidi watu kwamba katika miaka miwili tu Bwana atawarudisha waliohamishwa. Maneno yake yalikuwa matamu, tena yalikuwa ya uongo. Mtu aliyemwamini Hanania hajengi wala hapandi. Akaa kama abiria katika kituo cha magari. Nasi twawajua watu waliokaa ugenini miaka kumi na sanduku halijafunguliwa. Hawakujiandikisha katika usharika, maana "twahama karibu." Watoto wao hawakupelekwa kwenye mafundisho ya Kipaimara, maana "watafundishwa nyumbani." Mwisho watoto hao hawana usharika hapa wala kule. Hapo ndipo hamu iletapo hasara kubwa: mzazi angali ana kwao pa kukumbuka, lakini mtoto amekosa vyote viwili.

Hila ya tatu: hamu huwadharau wenyeji. Kwa kuwa chakula chao si cha kwetu, na salamu zao si za kwetu, twawahesabu kuwa watu duni. Mtu mwenye moyo huo hukaa na watu wa kabila lake tu, hata ndani ya kanisa. Chama cha watu wa kwenu ni kitu chema, maana chasaidiana katika ugonjwa na msiba. Lakini kikishika mahali pa usharika, kimekuwa ukuta.

3. Waraka wa Yeremia

Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliwachukua kutoka Yerusalemu mfalme Yekonia na mama yake, na wakuu, na mafundi wa mbao na wa chuma. Tuangalie jambo moja: Yerusalemu ulikuwa haujabomolewa bado. Hekalu lilisimama, nyumba zao zilikuwapo, jamaa zao waliishi. Ndiyo sababu hamu yao ilikuwa kali, na maneno ya Hanania yalipokewa kwa urahisi. Ndipo Yeremia akawaandikia waraka, ukachukuliwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe wa mfalme Sedekia waliokwenda Babeli.

Waraka huo una mambo manne ya kujifunza.

Kwanza, ni nani aliyewapeleka. Mstari wa 1 wasema ya kwamba Nebukadreza ndiye aliyewachukua. Lakini katika mstari wa 4 Mungu asema ya kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafanya wachukuliwe. Maneno hayo mawili yote ni kweli. Mwalimu wetu ana barua ya uhamisho yenye muhuri wa serikali. Nyuma ya mkono ulioiandika uko mkono mwingine. Hajui kwa nini amepelekwa Lindi, lakini ajua kwamba hakuanguka huko kama jani lililopeperushwa na upepo.

Pili, wajenge na kupanda. Mungu hakuwaagiza kwanza mambo makuu. Aliwaagiza nyumba, bustani, ndoa, watoto. Mtu apandaye mti hukubali moyoni kwamba atakuwapo siku ya kuvuna. Basi wewe mgeni, panda hata mpapai mmoja karibu na mlango wako. Hauchukui muda mrefu kuzaa. Na ukihamishwa tena kabla haujazaa, mwingine atakula, kama wewe ulavyo maembe ya mwembe usiojua nani aliupanda.

Tatu, watafute amani ya mji ule na kuuombea. Neno hili lilikuwa gumu, maana Babeli ulikuwa mji wa adui. Majirani zetu sisi si adui, je! si rahisi zaidi kwetu kuwaombea? Mungu aliwaonyesha kwamba amani yao imefungwa ndani ya amani ya mji ule. Kisima kikikauka, mgeni naye hukosa maji. Shule ikiharibika, mtoto wa mgeni naye hukosa elimu. Mtu auombeaye mji kwa majina, yaani jirani huyu, mgonjwa yule, mvua ya shamba hili, baada ya muda ataona kwamba mji huo haumwii mgeni tena. Ni vigumu kuendelea kumdharau mtu unayemtaja mbele za Mungu kila jioni.

Nne, miaka sabini. Wengi waliousoma waraka ule walijua kwamba watakufa Babeli. Shemaya Mnehelami akakasirika, akaandika Yerusalemu kumshtaki Yeremia kwa sababu amesema kwamba kifungo kitakuwa cha muda mrefu. Walakini neno lile gumu lilikuwa rehema, maana liliwapa ruhusa ya kuishi. Tena ahadi ya kurudi haikufutwa: Mungu aliwaambia kwamba anayo mawazo ya amani juu yao, naye ataonekana kwao wakimtafuta kwa moyo wote. Mahali pa kumtafuta palikuwa Babeli, wala hawakuambiwa wangoje hata warudi.

4. Mungu hakubaki nyuma

Chini ya hamu ya Mkristo mara nyingi liko swali ambalo hathubutu kulisema: "Je! Mungu aliyenisikia nyumbani, yuko na huku?" Hekalu la utoto wake liko kule, kengele aliyoizoea yalia kule, makaburi ya wazee wake yako kule.

Nabii Ezekieli alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Mwaka wa tano wa kuhamishwa kwake Yekonia, kando ya mto Kebari katika nchi ya Wakaldayo, aliona utukufu wa Bwana juu ya kiti cha enzi, na chini yake magurudumu yaendayo pande zote. Watu walidhani kwamba kiti cha Mungu kimekazwa chini katika Yerusalemu; nabii akaonyeshwa kwamba kiti hicho chasafiri. Na katika mlango wa 11 Mungu asema kwamba, ingawa amewatawanya mbali, yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwao katika nchi walizozifikia. Hawana hekalu, lakini wanaye mwenye hekalu.

Haya twayakiri pia katika Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni 1530, Luther alipokuwa Coburg mbali na kwao. Kifungu cha saba chatufundisha kwamba umoja wa kweli wa Kanisa wasimama katika Injili ihubiriwayo kwa usafi na Sakramenti zitolewazo sawasawa nayo. Si lazima desturi za wanadamu ziwe namna moja kila mahali. Basi mgeni asitafute kanisa linaloimba kama kwao. Aulize: Je! Neno la Kristo lahubiriwa hapa? Je! Ubatizo ni ule ule? Je! Meza ya Bwana ni ile ile? Ikiwa ndiyo, amefika kwao, hata kama sauti ya wimbo ni ngeni masikioni pake.

5. Mambo ya kutenda kwa aliyehama

Uombe barua ya utambulisho kwa mchungaji wako kabla ya kuondoka, na kuipeleka kwa mchungaji wa usharika mpya katika mwezi wa kwanza. Usingoje kuizoea nchi kwanza. Usharika ndio utakaokusaidia kuizoea.

Uweke siku maalum za kuzungumza na watu wa kwenu kwa simu. Sauti ya mama ni dawa, lakini dawa ina kipimo. Mtu azungumzaye na kwao asubuhi, adhuhuri na jioni hana nafasi ya kumjua jirani yake.

Ujifunze salamu za wenyeji kwa lugha yao, na kula kwao ukialikwa. Kumpikia jirani chakula cha kwenu nako kwafaa. Desturi njema ya kwenu usiitupe, ifundishe.

Uombe kazi katika usharika, hata kama ni kufagia kanisa. Mithali yasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo si adhabu. Ndilo limfanyalo mgeni kuwa mtu wa nyumbani.

Lakini ikiwa majuma yapita nawe huli, hulali, kazi yakushinda, au watamani kufa, usiseme ni hamu tu. Nenda hospitali mara moja, na kumwambia mchungaji au mtu umwaminiye. Tabibu naye ni mtumishi wa Mungu.

6. Neno kwa wainjilisti, wazee, na jamaa walioko nyumbani

Torati, katika Walawi 19, yawaagiza Israeli wampende mgeni kama nafsi zao, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Mwinjilisti asitosheke kumsimamisha mgeni Jumapili na kumpigia makofi. Jumatatu amtafute alipopanga. Ajue jina lake, kazi yake, na siku za uchungu wake. Amwalike Krismasi kabla Krismasi haijafika, maana siku hiyo mgeni aliye peke yake huhesabu kila saa. Mara nyingine ampe nafasi ya kuimba wimbo mmoja kwa lugha ya mama yake. Usharika hautapungukiwa kitu, naye ataimba kama mtu aliyenyweshwa maji.

Tena tukumbuke kanisa la Antiokia, katika Matendo 11. Waliowahubiri Wayunani huko walikuwa watu wa Kipro na Kirene, waliotawanywa na dhiki iliyotokea kwa habari ya Stefano. Katika usharika huo ulioanzishwa na wageni wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Huenda mgeni aketiye nyuma kanisani kwako ndiye ambaye Mungu amemtuma kwenu, nanyi mwamhesabu kuwa mpitaji.

Na ninyi mlio nyumbani, msimvute mtoto wenu kwa maneno ya lawama: "Umetusahau, umekuwa mtu wa huko." Maneno hayo humrarua vipande viwili. Mwulizeni habari za majirani zake wapya, na kuwaombea. Mkiwabariki watu anaokaa nao, mmempa ruhusa ya kuwapenda.

7. Hatima

Waebrania 11 yatuambia kwamba Ibrahimu alikaa katika hema, akiutazamia mji ambao mwenye kuujenga ni Mungu. Kumbe hata aliyezeeka katika kibanja cha babu yake ni msafiri. Hamu ya kwetu, ikikaa mahali pake, yatukumbusha jambo hilo. Walakini Ibrahimu huyo huyo alichimba visima, na huko Beer-sheba alipanda mti, akaliitia jina la Bwana. Atazamiaye mji wa mbinguni na apande mti katika nchi aliyopewa leo.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini waliohamishwa walimpenda Hanania kuliko Yeremia? Na sisi twapenda maneno gani ya namna hiyo?
2. Taja wageni waliofika katika mtaa wako mwaka huu. Wangapi wameingia nyumbani mwako?
3. Ni jambo gani jema la kwenu ambalo usharika wako mpya ungeweza kujifunza kwako, nawe ni jambo gani umejifunza kwao?

Tuombe: Ee Bwana Mungu, uliyewafuata watu wako hata Babeli, wafuate na watoto wetu walio mbali. Yapokee machozi yao, uwape majirani, uwape kazi ya mikono yao. Utufundishe sisi kuwafungulia milango wageni, hata siku utakapotukusanya sote nyumbani mwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.